Kipimo cha aleji kwa mtoto: cha kuchoma ngozi au cha damu? (Tupo Dodoma)

Baba Neema
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka sita. Tangu kiangazi kianze chafya haziishi, macho yanawasha, pua inatiririka. Wiki iliyopita kala karanga, dakika chache baadaye midomo ikavimba na vipele vikamtoka mwilini. Maabara moja mjini wanasema kipimo chao cha damu kinaangalia vitu vingi kwa mpigo. Jamaa yangu anasema cha kuchoma ngozi ndicho bora. Nilipie kipi?

Mzee wa Zabibu
Vumbi la Dodoma hilo, aleji ya wapi? Mwezi wa nane hapa hata mbuzi wanapiga chafya.

Fundi Maabara
Pole na mtoto, mkuu. Vyote viwili vinatafuta kitu kimoja: IgE, yaani kingamwili za mzio. Cha ngozi, matone ya vitu vinavyoshukiwa yanawekwa mkononi, kila tone linachomwa kidogo kwa ncha, majibu ni dakika 15 hadi 20. Kuna tone la histamini, kemikali inayovimbisha ngozi wakati wa aleji, hilo lazima livimbe, na la maji ya chumvi, hilo halitakiwi kuvimba. Kitu kikivimba milimita 3 au zaidi kupita maji ya chumvi, ni chanya. Ila histamini isipovimba, kipimo kimeharibika, na mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa kanywa dawa za aleji kama Piriton au setirizini. Dawa hizo huachwa siku kadhaa kabla, hata wiki; daktari ndiye atakwambia.

Cha damu hakijali dawa. Kinamfaa pia mwenye ukurutu mwili mzima, maana ngozi safi ya kuchoma haipo. Ubaya wake ni kusubiri majibu, na bei kupanda kadiri unavyoongeza vitu.

Mama Watatu
Hapo kwenye vitu vingi kwa mpigo kuwa makini, baba. Mtoto wa dada yangu majibu yalitoka chanya kwa maziwa, mayai na ngano, vitu anavyokula kila siku bila shida. Wakamkatiza vyote, mtoto akakonda mpaka daktari mwingine akaamuru arudishiwe.

Fundi Maabara
Ndiyo hasara yake. Chanya maana yake mwili unakitambua kitu hicho, siyo kwamba kitamdhuru. Kipimo kinathibitisha shaka iliyopo tayari. Na wakikuuzia IgE ya jumla, kataa: minyoo peke yake inaipandisha.

Kijana wa Area D
Mbona kuna ile mashine unashika chuma, inakutolea orodha ya aleji zako zote? Rahisi tu.

Fundi Maabara
Hiyo haipimi aleji yoyote. Weka na vile vipimo vya IgG ya vyakula, kingamwili za aina nyingine: vinaonyesha ulichozoea kula, basi.

Nesi Kizota
Mzee wa Zabibu shikamoo. Una hoja: vumbi la udongo linachokoza pua hata kwa mtu asiye na mzio. Na wale utitiri wa kwenye magodoro wanapenda unyevunyevu, kwa ukavu wa huku hawastawi kama Tanga. Lakini macho kuwasha namna hiyo kunanielekeza kwenye aleji. Chavua, mende na paka wapo hapa pia.

Dada wa Saluni, Majengo
Mimi je? Nikigusa dawa ya kupaka nywele rangi, kesho yake mikono inawasha na kupasuka.

Nesi Kizota
Yako ni nyingine kabisa, dada. Hupimwa kwa plasta za mgongoni: zinakaa saa 48, zinasomwa zikitolewa, kisha tena siku moja au mbili baadaye. Usizilowanishe. Muone daktari wa ngozi.

Baba Neema
Nimewaelewa. Na nikimwonjesha karanga moja nyumbani nione, si itakuwa jibu tosha?

Nesi Kizota
Usithubutu! Kulishwa kidogo kidogo ndicho kipimo chenye uhakika kuliko vyote, lakini kinafanyika hospitali, sindano ya dharura ya adrenalini ikiwa mkononi. Pita General au Benjamin Mkapa, umuone daktari wa watoto kwanza, umweleze alikula nini na ilichukua muda gani. Ningekuwa mimi ningepima karanga na vitu vichache vya pua, basi. Cha ngozi kikipatikana, vizuri, kisipopatikana, damu. Kwa sasa hata mlenda uliotiwa karanga asiguse.

Baba Neema
Bibi yake hapiki mlenda bila karanga, itabidi tuongee. Sasa akivimba tena wakati tumeachisha dawa kusubiri kipimo?

Fundi Maabara
Mpe dawa, kipimo kitasogezwa mbele. Akikohoa mfululizo, akikoroma kifuani au akilegea, usingoje dawa ifanye kazi: moja kwa moja dharura.