Saiti yangu ya majina ya kanga, niongeze nini ili watu waingie?

doti_mpya
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Bibi yangu alifariki akaacha sanduku zima la kanga, nyingine hazijakatwa wala kupindwa, doti bado ipo vilevile na ule ugumu wa dukani, sasa nikaona zisiishie kuliwa na mende nikaanza kuzipiga picha moja moja juu ya mkeka na kuziweka kwenye saiti niliyotengeneza mwenyewe kwa WordPress. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze, zimefika 212. Shida ni wageni, kwa siku wanaingia wanne watano na wengi ni ndugu zangu niliowatumia linki. Nimefikiria kuongeza vikorombwezo: kaunta ya wageni, taarab iwe inapiga yenyewe mtu akifungua, wijeti ya hali ya hewa ya hapa Tanga, na kitabu cha wageni. Nianze na kipi? Hii kazi naipenda kutoka moyoni, sitaki ife.

fundi_peji
Dada pole kwa msiba na hongera kwa kazi. Nimefungua saiti yako kwa simu na kabla hujaongeza chochote inabidi upunguze kwanza. Peji ya mbele ina picha 30 na kila moja ina MB 3 na kitu, yaani zimetoka kwenye kamera ya simu zikaenda hewani hivohivo, hapo mtu mwenye bando la kupima ushamlia MB 90 kabla hajasoma hata jina moja, ataondoka na harudi. Zipunguze upana uwe pikseli 1200, sevu kama WebP au hata JPEG ya kawaida, zitashuka kwenye KB 150 hivi na maandishi bado yatasomeka vizuri kabisa, halafu zipange kumi kumi.

La pili ndo kubwa. Umepiga picha ya "Japo sipati tamaa sikati", faili linaitwa IMG_4471 na chini umeandika "kanga nyekundu nzuri". Sasa mtu anayelitafuta hilo jina Google atakufikiaje, wakati jina lipo ndani ya picha tu? Usitegemee mashine ikusomee herufi zilizojikunja kwenye kitambaa. Kila kanga ipe peji yake, kichwa cha peji kiwe jina la kanga lilivyo, faili la picha ulibadilishe jina, na kwenye yale maelezo ya picha andika rangi ya mji (ile sehemu ya katikati), pindo la kuzunguka lina nini, na jina tena. Ukimaliza jiunge na Google Search Console, ni bure, wapelekee ramani ya saiti (sitemap, yaani orodha ya peji zako zote), baada ya wiki kadhaa utaanza kuona watu wametafuta maneno gani mpaka wakakufikia. Hiyo ni bora kuliko kaunta mara mia.

Taarab ya kujipigia yenyewe hapana. Mtu yuko kwenye daladala anashtuka anafunga, na nyimbo zina wenyewe, unahitaji kibali. Hali ya hewa watu wanayo kwenye simu zao.

leso_za_mombasa
Dadangu mimi nimekaa kwa hiyo saiti yako karibu saa nzima, nimeona ile ya "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" nikamkumbuka mamangu alikuwa nayo ya manjano. Lakini angalia kitu kimoja, huku kwetu hatusemi kanga, tunasema leso! Mimi nikitafuta naandika leso, na kuna wengine wanaandika khanga kwa kh. Maneno yote matatu yawe ndani ya saiti, la sivyo sisi wa Mombasa tutakupita na ndio tunaopenda haya mambo. Tena zile zilizoandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla pembeni karibu na jina, ziwekee kundi lake, hao ni Kaderdina Hajee Essak wa hapa Biashara Street, duka limeanza 1887, watu wanazikusanya hizo.

Na ukitaka nyongeza ya maana, weka sanduku la kutafutia kwa neno, halafu uzipange kwa shughuli. Leso mtu hainunui rangi tu, ananunua maneno. Ya kumpa bi harusi mbali, ya kumtunza mama mbali, ya kumjibu jirani mbali, maana mtu hawezi kumpelekea mamake "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake" hata kama pindo ni zuri vipi. Mtu akibonyeza "za mama" zije za mama. Hiyo mimi nitaingia kila wiki.

stempu_za_zamani
Naongezea hapo kwenye kitabu cha wageni. Mimi nina saiti ya stempu za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika, nilikiweka kikiwa wazi bila kukagua, nikasafiri wiki tatu, kurudi nakuta kimejaa linki za kamari mamia, na Google wakaniwekea alama ya onyo, ilinichukua miezi kuisafisha. Kwa hiyo kama unaweka, kila ujumbe upitie kwako kwanza. Mimi ningekushauri badala yake chini ya kila kanga uweke fomu fupi: "Unayo hii? Ulipewa na nani, lini?" Watu wana hadithi na kanga zao, na hadithi ndo zinamfanya mtu atume linki kwa shangazi yake.

Halafu jaribu kujitumia linki yako WhatsApp. Mimi nimejaribu, imekuja tupu bila kijipicha, na kwa huku kwetu linki inatembea kwa WhatsApp kuliko sehemu yoyote. Plagini nyingi za SEO (zile za kusaidia saiti ionekane Google) zina sehemu ya kuchagua picha ya kushea, weka hiyo kanga yenyewe, isizidi KB 300.

doti_mpya
Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana usiku nimepunguza picha za peji ya mbele na kuzipa majina 40 za kwanza, kwa simu yangu sasa inafunguka hapohapo. Leso na khanga nimeziongeza, kiukweli sikuwahi kulifikiria hilo. Kaunta na hali ya hewa nimeacha. Ila kuna moja imenishinda, imechakaa sana, nadhani ni ya mama yake bibi, jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na hapa nyumbani hakuna wa kulisoma, sasa sijui hiyo peji niipe kichwa gani.

mswahili_muscat
Dada, hicho kitakuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa Kiarabu, za zamani zilikuwa hivo. Itandaze kwenye mwanga wa asubuhi, piga maandishi peke yake kwa karibu, sehemu tatu, uziweke hapa. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, alijifunza kusoma hivohivo chuoni, yaani madrasa, Unguja, nitamwonyesha leo baada ya magharibi.

doti_mpya
Naitoa sandukuni sasa hivi.