Boti ndogo iishie maili ngapi baharini? Tubishane kwa hoja

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kila boti inapopotea, hoja inayorudi ni ileile: serikali iweke kikomo cha maili. Boti ndogo, tuseme ya chini ya mita 10, isivuke maili tano kutoka pwani. Ikivuka, inakamatwa na mashine inashikiliwa. Wanaoitaka sheria hiyo wana uchungu wa kweli, wengine wamezika watu. Hata hivyo mimi naipinga, na nakaribisha wa kunipinga.

Chukueni boti mbili za faiba, ukubwa mmoja, mashine sawa, zote ziko maili nane kutoka nchi kavu. Ya kwanza iko kati ya Bagamoyo na Unguja, ambako sehemu kubwa kina ni mita 30 hadi 60. Ya pili imetoka Makunduchi, imeupita mwamba na kuelekea mashariki. Chini yake kuna mamia ya mita. Mashine zote mbili zizime saa kumi jioni, mwezi wa saba. Wa kwanza anatupa nanga, anakaa, anafungua plagi, anamwaga maji yaliyoingia kwenye chujio la petroli, na akishindwa anasubiri wenzake wapite. Wa pili nanga yake ni mzigo tu. Mkondo wa maji wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi, upepo utokao kusini, likikaza unafika fundo tatu, yaani maili tatu za bahari kwa saa, hata nne. Kwa fundo tatu, hadi saa kumi na mbili asubuhi amesukumwa maili 42, karibu kilomita 78. Ameshafika usawa wa Nungwi na bado anaelekea Pemba, huku ndugu zake wanamtafuta Makunduchi.

Maili nane kwa maili nane, lakini mmoja amelala na mwingine amepotea. Kwa hiyo kikomo changu ni pale kamba ya nanga inapoacha kufika chini. Ukivuka hapo, huruhusiwi kwenda na mashine moja na simu ya mkononi. Basi.

Mstaafu wa Bandari

Mkuu, umesema vizuri, ila umesema kama mvuvi na sheria haiandikiwi mvuvi mmoja mwenye akili. Sheria isiyokaguliwa inabaki mawaidha. Askari wa doria atapimaje kamba yako na kina cha pale ulipo? Maili anaisoma kwenye GPS yake, unabisha, anakuonyesha, mmemaliza.

Halafu kuna jambo hukuligusa: kutafuta. Eneo la kutafuta haliongezeki kama umbali unavyoongezeka, linaongezeka kwa mraba. Boti iliyofungwa kwenye nusu duara ya maili 5 ina kama maili 40 za mraba za kupekua. Ukiiruhusu maili 20, ni zaidi ya 600. Kituo cha uratibu wa uokoaji Dar es Salaam, au cha Mombasa kwa wenzetu, kinaanza na swali moja: tuanzie wapi? Kikomo cha maili ni jibu la nusu kabla hata simu haijapigwa.

Mkojani

Assalam alaykum. Mzee wangu Mstaafu, hizo maili tano zako ndani yake hamna kitu. Mwamba umechoka. Samaki anayelipa petroli yuko nje: jodari, nguru, nduaro. Mkitufunga ndani ya maili tano mtatukusanya sote juu ya matumbawe yaleyale yanayovuliwa na ngalawa na watoto wa madema, kisha mtatuletea semina ya kuhifadhi mazingira.

Sisi watu wa dago, tunaohama na kupiga kambi kwa uvuvi, tumekwenda hadi Kenya kwa tanga, kabla ya hizi mashine. Hakuna aliyehesabu maili. Kilichohesabiwa ni pepo, na hapa ndipo vijana wa mashine wanapodanganyika. Kaskazi wanaiona njema: jua, mbingu safi, joto. Lakini kaskazi inavuma kuelekea kusini, na mkondo wa maji unapanda kaskazini. Vikikutana uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi na linasimama wima. Upepo uleule ambao ukivuma pamoja na mkondo unakuchezesha tu, ukiupinga unakumwagia maji ndani. Kati ya Pemba na bara, ambako kina kinapita mita 500, nimeona bahari ya Januari yenye adabu kabisa asubuhi ikageuka kabla ya adhuhuri.

Kusi nayo ina uchawi wake. Kwenda kaskazini unasukumwa na upepo na maji, boti inaruka, unajiona nahodha. Kurudi ndiyo bisho: upepo usoni, mkondo usoni, petroli inakwisha nusu ya njia. Wazee walikuwa wanaanza kwa kupanda joshi, yaani kuukabili upepo, asubuhi wangali na nguvu, ili jioni tanga liwarudishe lenyewe. Ukitaka kuandika sheria, andika hiyo.

Fundi wa Faiba, Tanga

Kaka Mkojani kasema kweli tupu. Niongeze la chombo chenyewe, maana mnaongea kama boti zote ni moja.

Ulaya boti za burudani zinagawanywa daraja A, B, C na D, na hakuna hata daraja moja linalotaja maili. Daraja C ni upepo hadi nguvu ya 6 kwa kipimo cha Beaufort na wimbi hadi mita 2. B ni nguvu ya 8 na mita 4. D ni ya maji yaliyokingwa, wimbi la sentimita 30 tu kwa kawaida. Wanapima hali, hawapimi umbali. Sasa linganisheni na tahadhari za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, tunazozisikia kila msimu: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Hapo tayari uko kwenye ukingo wa daraja C, na boti nyingi tunazomimina huku, wazi juu, ubavu uliobaki nje ya maji ni mkono mmoja, hazijapimwa na mtu.

Kinachoua si wimbi la kwanza, ni maji liliyoyaacha. Sakafu ya mita 5 kwa mita 1.2, maji ya sentimita 10 tu: lita 600. Zaidi ya nusu tani, na haikai ilipo, inakimbilia upande ulioinama. Wimbi la pili linaikuta boti imeshalala. Ndiyo maana nikimaliza boti nauliza mteja swali moja: anayefua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ni nani, na ndoo imefungwa kwa kamba au itaelea iende zake?

Na umbali haukuokoi. MV Skagit ilizama 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam, Unguja ikiwa pale mbele. Ilijengwa kwa ajili ya Puget Sound, Marekani, maji yaliyokingwa na visiwa. Haikuwa mbali na nchi. Ilikuwa mbali na maji iliyojengewa.

Kijana wa Kigamboni

Mnazunguka. Life jaketi ziko wapi? Ziko chini ya nyavu, zimefungwa na nailoni yake ya dukani ili zisichafuke siku ya ukaguzi. Maili 2 au 20, asiyevaa anazama palepale.

Mama Muuza Samaki, Kilindoni

Wanangu, nimewasoma wote, maili, daraja, fundo. Mie sikai kwenye boti, nakaa pwani na ndoo na deni la barafu. Naomba kuuliza jambo dogo: nianze kupiga kelele saa ngapi?

Maana boti ikichelewa, saa za mwanzo tunazipoteza kwa kubashiri. Labda wamelala kisiwani Jibondo. Labda wamepata samaki wengi. Labda simu imeisha chaji. Pale kwetu siku hizi kuna daftari kwa mzee wa bandari: jina la chombo, watu wangapi, wanaelekea upande gani, watarudi maji yakijaa ya lini. Kando yake nambari ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Maji yale yakijaa na kupwa na chombo hakijaonekana, hakuna kujadili, anapiga simu. Hata tahadhari ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, ilimfikia kila mtu wa kwetu kwa sababu ya daftari hilo. Tulijua nani yuko nje na nani karudi.

Wewe Mstaafu unataka maili tano ili ujue pa kutafuta. Daftari linakwambia pa kutafuta na linakwambia lini. Mwenye maili tano bila daftari anaweza kukaa siku nzima na hakuna anayemuulizia.

Mstaafu wa Bandari

Dada yangu, hapo umenibana, na daftari nalipokea kwa mikono miwili. Lakini nambari ya maili sitaiacha yote.

Tenganisheni vitu viwili. Mvuvi wa Kojani, kule Pemba, anaisoma bahari tangu mtoto. Mtalii aliyepanda boti Nungwi au Matemwe kwenda kisiwa cha Mnemba hajui kusi wala kaskazi, amelipa na anaamini. Yule anayemwendesha anaweza kuwa na miezi michache kazini na tajiri anayempigia simu kwamba wageni wanasubiri. Kwa abiria wa kulipa mimi nataka nambari, tena ndogo, na bendera nyekundu ufukweni upepo ukizidi. Nahodha asiye na nguvu ya kumkatalia tajiri wake anahitaji sheria ya kumkatalia kwa niaba yake.

Kwa wavuvi, nakubali tuitazame ile ya nanga kwa namna inayokaguliwa. Ramani za bahari zina mistari ya kina. Mstari wa mita 100, kwa mfano, unaweza kuingizwa kwenye GPS yoyote, hata ya simu. Ndani yake masharti ya kawaida, nje yake masharti makali. Hapo askari ana cha kusoma.

Mwanzisha mada

Mzee, kwa abiria wa kulipa nimekubali, sina ubishi. Mstari wa mita 100 nao naupenda, kwa sababu upande wa mashariki ya Unguja utakuwa karibu sana na mwamba, na upande wa Bagamoyo utakuacha uvuke hadi ng'ambo. Ndivyo bahari ilivyo.

Ila hata nje ya mstari, mafuta yatakata maneno kabla ya askari. Mashine ya hospawa 40 ukiifungulia yote inakunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya balaa. Aliyebeba lita 60 ana lita 20 za kwendea, yaani saa moja na kitu, labda maili 12 boti ikiwa na mzigo, bahari ikiwa shwari. Akirudi kwa bisho kama alivyosema Mkojani, ileile theluthi ya balaa inaliwa bila balaa lolote. Nimewasikia watu wakisema wana mafuta ya kwenda maili 30. Ndiyo, ya kwenda.

Masharti makali ninayoyataka nje ya mstari: mashine ya akiba hata ya hospawa 8, redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini, na kile kifaa kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti. Redio ya mkononi mkiwa boti kwa boti mnasikizana maili chache tu, kwa sababu mawimbi yake hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Setilaiti haijali hilo.

Mkojani

Na anayenunua ni nani? Hapo ndipo mjadala huu huwa unaishia. Boti za mkopo zinagawiwa, tunapiga picha, tunashukuru. Anayetoa mkopo wa boti ya kuvulia bahari kuu aweke redio na hicho kifaa ndani ya mkopo uleule, nilipe pamoja na mashine, samaki wa nje atalipa. Mkiniletea sharti bila kifaa, nitabaki ndani ya mstari wenu mchana, na usiku mtanikuta nje nimezima taa.

Mstaafu wa Bandari

Hiyo ya kuzima taa sijaisoma, sheikh. Ya mkopo nimeisoma na naiunga mkono. Wenye kujua bei za vifaa hivyo madukani Dar na Mombasa wazilete tuanze kupiga hesabu.