Wizara ya Uvuvi irudi isimame peke yake?

Jadunga: Wenzangu wa ziwani, nina swali. Kenya tuliwahi kuwa na Wizara ya Ustawi wa Uvuvi, na waziri wake. 2013 ikafungwa, samaki wakahamishiwa zizini na ng'ombe: kilimo, mifugo na uvuvi, wizara moja. Leo wanalala chumba kimoja na madini. Mimi nasema irudi. Sangara wa ng'ambo ana watetezi, ngege (tilapia) ana watetezi, hata omena (dagaa) wa kulisha kuku naye anastahili wake.

MamaKibuye: Wa kulisha kuku?! Nimekaa nyuma ya mkebe wa gorogoro nikipima omena wa kuuza hadi watoto wanne wakamaliza shule. Hakuna aliyewika.

KakaBondeni: 😂 Mama, hebu turudi kwa mada. Wizara hiyo Kibaki aliiunda 2003, haikufanya lolote ila kuchimba vidimbwi. Cha jirani yangu hapa Nakuru kina bata sasa.

MzeeFunyula: Kijana, ukitaka kumsema marehemu, jua kwanza alizaliwa lini. Wizara ni ya Aprili 2008, serikali ya nusu mkate, ile ya muungano. Mawaziri 40! Usidhani samaki walihurumiwa. Kibaki na Raila kila mmoja alikuwa na watu wa kushibisha. Waziri wa kwanza alitoka kwetu, Paul Otuoma, daktari wa mifugo (ndiyo, mifugo). Halafu akaja Amason Kingi wa Pwani. Vidimbwi ni vya ile pesa ya kuchochea uchumi ya 2009: 200 kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Piga hesabu mwenyewe. Watu walipewa vifaranga vya samaki na chakula cha kuanzia. Chakula kilipoisha, mkulima akabaki na shimo la maji. Kisha katiba ya 2010 ikasema mawaziri wasizidi 22. Nyumba ndogo zote zikabomolewa.

Jadunga: Jaduong', 22 bado ni vyumba vingi. Samaki hawakosi kimoja.

KakaBondeni: Daktari wa mifugo kwa samaki, sindano alikuwa anadunga wapi?

MzeeFunyula: Wewe umejibiwa tarehe, umekimbilia sindano.

OchiengWaPwani: Na kisiwa cha Migingo, tunachogombania na Uganda, je? Ilipowaka 2009 wizara ilikuwepo. Museveni akasema mwamba ni wa Kenya, maji ni ya Uganda. Sasa sangara hukaa kwenye mwamba?

MamaKibuye: Jadunga, bado nangoja.

Jadunga: Mama, sikukutukana. Nilisema tu omena wengi huishia viwanda vya chakula cha mifugo. Ni kweli ama si kweli?

MamaKibuye: Ni kweli, na ndiyo maana bei imetushinda! Malori hufika ufukweni kabla yetu. Ukiwa hapo ufukwe wa Dunga huyaoni? Ungeanza na hilo ningekuunga mkono. Umeanza na kuku.

KakaBondeni: Kwani omena si huwa wachungu?

MamaKibuye: Wachungu kwa asiyejua kuwaosha. Maji moto, chumvi, mara mbili, ndipo nyanya. Nani alikupikia?

KakaBondeni: Mke wangu.

OchiengWaPwani: Futa hiyo haraka, bro.

MzeeFunyula: Nilikuwa naandika kuhusu bajeti. Haya. Mama, gorogoro leo ni pesa ngapi?