Spika ya kubeba safarini kwa gitaa la umeme: ipi inafaa?

Solo_wa_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Niko Arusha, napiga gitaa la umeme. Mara mbili kwa mwezi nakwenda Karatu kupiga kwenye kambi za watalii, mimi na mwenzangu wa ngoma. Amplifaya yangu ya nyumbani ina kilo 14, na konda wa Coaster ananitoza kama nimepanda na mke. Nataka kitu cha kupakata, chenye betri, maana kambini jenereta huzimwa saa nne usiku. Bajeti laki nne. Nimetazama Roland Micro Cube GX, Blackstar Fly 3 na Positive Grid Spark GO. Halafu nina spika ya blutuuthi ya kusikilizia muziki. Kwani hiyo haitoshi?

Fundi_Njiro
Hiyo ya blutuuthi isahau, mkuu. Sauti ikipita hewani hufungashwa huku na kufunguliwa kule, na mara nyingi inachelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukisikiliza wimbo hutagundua. Ukipiga, unagusa uzi hapa, sauti inakujibu kama mtu aliye ng'ambo ya korongo. Hata ukiunga kwa waya, tundu lile limetengenezwa kwa ajili ya simu. Pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinatoa umeme kidogo mno, utapata sauti nyembamba, kavu. Gitaa linataka tundu lake.

MamaKwaya_Moshi
Fly 3 ninayo, mwanangu. Haifiki kilo moja, naitia kwenye kikapu pamoja na vitabu vya nyimbo. Wati 3, betri sita za AA. Barazani tunafanyia mazoezi vizuri tu. Ila spika yake ni ya inchi 3; ukiongeza besi inakoroma, na kwaya ikifungua midomo ndiyo basi tena.

Rithimu_Kwanza
Shikamoo mama. Solo, mimi natumia Micro Cube GX. Nayo ni wati 3 vilevile, lakini spika ya inchi 5 na boksi lenye nafasi, kishindo chake unakisikia kifuani. Watu wanahangaika na wati bure: ili sikio lisikie sauti imeongezeka maradufu, nguvu inabidi iwe karibu mara 10. Kutoka wati 3 kwenda 5 hata mbuzi hageuki.
Ina kilo 2.7, mkanda wa begani, na tyuna ya kulinganishia nyuzi ndani. Tabu ni betri. AA sita, na watengenezaji wanasema saa 25 ukitumia alkalini. Mimi siku moja nilinunua zile za tochi kwa mangi. Wimbo wa tatu, nyuzi nene zikaanza kukwaruza, nikadhani ni waya, nikautikisa tikisa. Katikati ya sebene, kimya! Watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo mwisho.

Solo_wa_Sakina
😂 Na Spark GO je?

Dada_Kijenge
Ninayo. Karibu gramu 350, inaingia mfuko wa koti. Wati 5, inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo pawabanki inatosha. Chaji moja wanasema hadi saa 8. Kwenye basi nachomeka hedifoni, jirani hajui kitu. Lakini utamu wake mwingi uko kwenye programu ya simu, basi ipakue na upange sauti zako kabla hujatoka mjini. Na betri yake ni ya ndani. Ikiisha usiku, hukimbii dukani kununua nyingine. Ukisafiri kwa ndege pale KIA, iweke kwenye begi la mkononi, maana betri hiyo ni ya lithiamu.
Kwa chumba cha gesti sina la kuilaumu. Kwa moto wa kambi na ngoma pembeni, kaka, itamezwa.

Fundi_Njiro
Nyongeza kwa wanaoletewa mizigo kutoka Marekani: someni kibandiko cha adapta. Kule umeme ni volti 120, kwetu 230. Kikiandikwa 100–240, chomeka. Mteja wangu mmoja hakusoma. Amplifaya ilitoa moshi, na simaanishi ule mji.

Solo_wa_Sakina
Mrejesho, wakuu. Rithimu ameniazima Micro Cube yake, Mungu ambariki, nikanunua AA za kuchaji seti mbili, moja kazini, moja akiba. Jumamosi nimeiweka juu ya kigoda, nikaielekeza kwenye masikio ya watu badala ya miguu yao, nikapunguza besi. Gitaa limesikika mpaka kwenye hema za nyuma. Naitafuta ya kwangu. Spark GO nitaionea wivu kwenye basi tu.
Ila ngoma bado ilikuwa inanizidi. Mwenzangu amekubali kuifunika kwa khanga, kwa masharti: khanga ninunue mimi.