Ukoo wa Bibi Ujiji: mawese yamegawanyika

*Jumamosi, likizo ya Juni*

07:12 Mama Nasra: Assalam aleikum nyote. Mama shikamoo.

07:13 Mama Nasra: [picha] Jamani hebu tazameni haya mawese. Nimenunua juzi hapa Mwanga, Kigoma, yalikuwa mekundu mazuri tu. Leo asubuhi juu mekundu, chini uji mzito wa njano. Nimeuziwa nini?

07:15 Baba mdogo Tabora: Umepigwa shemeji. Wamechakachua hao.

07:19 Bibi Ujiji: Marahaba mwanangu. Hujapigwa. Mawese wakati wa baridi ndivyo yalivyo. Yapashe moto kidogo yatarudi.

07:21 Shangazi Zena: Shikamoo mama. Wifi, subiri kwanza! Usiyapashe bado. Watoto wameamka?

07:22 Mama Nasra: Wako hapa wanakunywa chai. Nasra ndiye aliyeyaona, ananiuliza kwa nini mafuta mengine yamelala.

07:25 Shangazi Zena: Usimjibu wifi yangu, nakuomba. Chota vijiko vitatu pamoja na yale mazito, tia kwenye chupa ndogo iliyo kavu. Beseni liwe na maji ya vuguvugu ya kumwogeshea mtoto mchanga, si ya chai. Kabla ya kutumbukiza chupa, waulize watoto: mnadhani itakuwaje? Kila mmoja aseme lake, uandike. Hapo ndipo watumbukize.

07:26 Baba Nasra: Dada, mafuta ya kupikia hayo.

07:26 Shangazi Zena: Vijiko vitatu kaka. Na yatarudi sufuriani.

07:58 Mama Nasra: Rama kasema yatakuwa maji. Nasra kasema ya chini yatapanda juu. Wamechuchumaa mbele ya beseni kimya, sijawahi kuona. Yale ya njano yalianza kulegea pembeni, yakabaki kama kipande cha nta katikati, halafu nacho kikapotea. Sasa chupa nzima nyekundu. Nasra anauliza yale magumu yamekwenda wapi.

08:03 Shangazi Zena: Mwambie hayajaenda popote, yamo humo humo. Mawese si mafuta ya namna moja. Kuna laini yasiyoganda kwa baridi hii yetu, na kuna magumu yanayoganda mapema. Usiku ukipoa magumu yanaganda, yanazama. Viwandani huyatenga hivyo makusudi, laini yanakuwa ya kukaangia, magumu yanaenda kwenye sabuni na siagi za kupaka mkate. Kwa hiyo kuganda peke yake si ushahidi wa kuchakachuliwa.

08:05 Baba mdogo Tabora: Basi nimemsingizia mama wa watu hapo sokoni. Nimekosa.

08:06 Baba mdogo Tabora: Ile asali niliyowatumia kwa treni ipo bado? Wape waitie kwenye glasi moja na maji na hayo mawese.

08:31 Mama Nasra: Ipo. Tumefanya. Nasra alikisia mawese yatakaa chini kabisa "kwa sababu ni mazito mkononi". Yakakaa juu. Hakukubali! Kamwaga, kaanza upya kinyume: mawese kwanza, maji, asali mwisho. Asali ikashuka kama uzi, ikapenya mawese, ikapenya maji, ikajikunja chini. Imebeba tone la mawese hadi chini, tone likachomoka likarudi juu lenyewe. Rama anapiga makofi.

08:34 Shangazi Zena: Hapo alipokataa ndipo pananifurahisha kuliko pote! Mwambie uzito wa mkononi tunauchanganya na kuteleza na kunata. Apime kwa ujazo uleule. Lita moja ya maji ni kilo 1. Lita ya asali inakaribia kilo 1 na gramu 400. Lita ya mawese ni kama gramu 900.

08:40 Baba Nasra: Mimi nawasoma tu, ila niseme ukweli. Huyu mtoto mwalimu wake mmoja alituita akasema anauliza maswali mengi, anachelewesha wenzake. Nikamwambia nyumbani apunguze. Sasa namtazama hapa roho inaniuma.

08:47 Shangazi Zena: Kaka, Erasto Mpemba alikuwa mtoto wa shule hapa hapa Tanzania, sekondari ya Magamba, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu ya maziwa. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni wa chuo kikuu, Denis Osborne. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne alirudi Dar akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina lake, na wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu, na hata iwapo kweli linatokea kila mara. Nasra asipunguze kitu.

08:49 Baba Nasra: Nimekuelewa dada. Nitakwenda kuongea na huyo mwalimu, kwa heshima.

08:52 Bibi Ujiji: Mpelekee na choya, yale maua mekundu ya juisi. Choya ukiitia maji ya majivu hubadilika rangi, tuliona tangu utoto.

08:53 Shangazi Zena: Mama! Kweli kabisa. Chemsha choya, gawa vikombe vitatu. Kimoja kiache. Kimoja kamulia limao, wekundu utakolea. Cha tatu tia magadi kidogo ya maharage, kitakwenda kwenye buluu na kijani. Majivu ya mama yanafanya kazi ileile ya magadi, limao ndiyo upande wa pili. Wakimaliza wamimine cha limao kwenye cha magadi, kitafura povu. Wafanyie kwenye sinia.

08:55 Shangazi Zena: Wifi, mambo mawili nayasema kwa ukali. Kostiki ya kutengenezea sabuni ya mawese isikaribie meza hiyo, inaunguza ngozi na macho. Na Jik isichanganywe na limao wala siki, inatoa hewa ya sumu. Watoto wakishapenda kuchanganya watachanganya chochote wanachokiona.

08:57 Mama Nasra: Kostiki ilikuwa chini ya sinki. Nimeipandisha juu ya kabati sasa hivi.

17:20 Mama Nasra: Choya imefanya kama mama alivyosema. Sinia lote povu. Jioni tumeshuka Kibirizi kununua dagaa, Nasra kasimama ufukweni anauliza, ziwa nalo limepangwa kama glasi?

17:31 Shangazi Zena: Subhanallah. Ndiyo! Maji ya juu yana joto, ya chini ni baridi na mazito zaidi, na hayachanganyiki vizuri. Ziwa Tanganyika lina kina cha kama mita 1,470 panapozidi, lakini ukishapita mita 100 hadi 200 na kitu hivi hewa ya samaki kuvuta haipo. Dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye ile sehemu ya juu.

17:33 Shangazi Zena: Kesho wajaribu. Glasi ya maji baridi ya friji, kisha choya hafifu ya vuguvugu wamimine taratibu sana juu ya mgongo wa kijiko. Halafu glasi nyingine kinyume, choya baridi juu ya maji ya vuguvugu.

17:36 Baba Nasra: Nitamimina mimi. Wakisie kwanza?

17:36 Shangazi Zena: Wakisie kwanza.

17:44 Mama Nasra: [picha] Wameandika kwenye kalenda ya mlangoni. Rama: zote zitachanganyika. Nasra: ya kwanza itakaa, ya pili itaanguka. Na chini kaandika baba yao naye aseme lake.