Barua ilisema Hesabu 6, binti kapata 6, siku ya kujiandikisha wanadai 7! Huu si uhuni?

Wakuu, nina hasira hapa nilipo, mnisamehe nikiandika ovyo.

Binti yangu kamaliza GCSE (mtihani wa huku, kama wa kidato cha nne kwetu) mwaka huu, tuko Birmingham, Uingereza. Kwa msiojua, huku madaraja ni namba: 9 ndiyo juu kabisa, 4 ndiyo kufaulu kwa kawaida. Kuingia A-Level vyuo vingi vinataka masomo matano ya 4 au 5 kwenda juu, halafu kila somo lina sharti lake. Na hayo masharti Wizara haipangi, kila chuo kinajipangia. Hapo ndipo wanapotuchezea.

Mapema mwaka huu alipewa barua ya kukubaliwa: Fizikia, Kemia na Hesabu, mradi Hesabu asishuke chini ya 6. Barua niliibandika kwenye friji. Alhamisi matokeo yametoka, Hesabu 6, Fizikia na Kemia 7. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Saa nane mchana tuko kwenye foleni ya kujiandikisha. Jamaa wa mezani kaangalia karatasi, kachukua kalamu, kazungushia ile 6. Eti mwaka huu waombaji wamezidi, wamepandisha, sasa ni 7. Namwonyesha barua yao wenyewe, hata haigusi! Anamsogezea mtoto kipeperushi cha BTEC ya Biashara, yaani kozi ya mafunzo ya kazi badala ya A-Level. Sina ugomvi na BTEC, mpwa wangu kapitia huko na yuko chuo kikuu sasa, ila yeye aliichagua mwenyewe.

Nyumbani tunalalamika watoto kupangiwa shule za mbali na kombi wasizozitaka, sawa. Lakini credit tatu za kuingia kidato cha tano ni credit tatu, Kigoma mpaka Mtwara. Hakuna mkuu wa shule anayeamka asubuhi akazifanya nne.

Shule aliyotoka wanasema tuombe karatasi isahihishwe upya, kabakiza alama mbili tu kufika 7. Majibu yatoke lini wakati masomo yanaanza Septemba? Na sheria ya hapa inamtaka awe masomoni au kwenye mafunzo mpaka afikishe miaka 18, kwa hiyo hata kukaa nyumbani mwaka mmoja ajipange haiwezekani. Tangu jana hajala, kajifungia chumbani.

Kuna aliyewahi kukomaa na chuo cha huku kwa barua kama hii akashinda? Nianze na mkuu wa chuo au niende moja kwa moja kwenye bodi? Barua nimeshaibandua kwenye friji, kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwao.