Mjadala: Mabanio ya Usangu yafungwe kiangazi ili Ruaha Mkuu usikauke?

Mdau wa Ihefu
Msimamo wangu: kuanzia Julai hadi mvua zishike, mabanio ya mpunga katika Bonde la Usangu, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto kwenda mashambani, yafungwe, na yaanze ya mashamba makubwa ya biashara. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kule chini wanabaki kugombania madimbwi. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha kwa GN 28 (Tangazo la Serikali Na. 28), lakini maji mengi yanachepushwa huko juu, nje ya hifadhi. Angalieni Ng'iriama, mahali mto unapotoka kwenye kinamasi cha Ihefu. Pale kuna kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti kile, mto unakatika papo hapo, hata kama nyuma yake kinamasi bado kimetanda.

Skimu Igurusi
Ndugu yangu, mfereji haubebi maji ya mpunga peke yake. Kuna vijiji vinachota humo maji ya kunywa na kupikia. Ukishusha lango Julai, akina mama wataenda wapi na ndoo? Halafu tukumbuke 2006 na 2007: wafugaji waliondolewa Usangu kwa madai kwamba ng'ombe ndio wanaoukausha mto. Waliondoka, mto ukaendelea kukauka. Leo mnamgeukia mkulima wa eka mbili.

Mdau wa Ihefu
Ndiyo maana nimesema waanze wakubwa.

Fundi Mifereji
Wakubwa na wadogo wote wana tatizo moja, nalo ni banio lenyewe. Banio la asili la miti, mawe na nyasi lilikuwa linavuja, kwa hiyo hata kiangazi kuna maji yaliyopita kwenda chini. Likaja la zege lenye lango la chuma. Mto ukipungua, tuta lake la zege linaelekeza karibu maji yote mferejini, kisha mengi yanazama kwenye mfereji wa udongo au kukaushwa na jua kabla hayajamfikia mwenye ndoo. Kijiji kinahitaji maji kidogo sana ukilinganisha na yale yanayopita langoni. Visima vya pampu vichimbwe kwanza, lango lifungwe baadaye. Ukianza na lango, litavunjwa usiku.

Na tusidanganyane kuhusu kiasi. Wataalamu wa maji walikokotoa kwamba ili mita za ujazo 0.5 kwa sekunde zitoke Ng'iriama kiangazi, Ihefu inabidi iingize karibu 7, kwa sababu jua na majani ya kinamasi yanachukua sehemu kubwa. Banio moja likifungwa peke yake, kule chini hakuna atakayeona tofauti.

Skimu Igurusi
Kwa visima nakuunga mkono kaka. Ila niongeze jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: mpunga wa mapema. Vitalu vya miche na majaruba, yaani vipande vya shamba vyenye matuta, yanajazwa kabla mvua hazijaanza, mto ukiwa chini kabisa, ili mtu avune wakati bei iko juu. Hiyo ni biashara, haina uhusiano na njaa ya mtu. Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji kinataja kiasi, lakini banio lisilo na kipimo nani atajua limechukua ngapi?

Mdau wa Ihefu
Basi tuwalazimishe kilimo shadidi: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25, jaruba linaloweshwa na kuachwa likauke kwa zamu. Maji yanapungua bila mavuno kushuka.

Fundi Mifereji
Yanapungua kwenye jaruba lililosawazishwa vizuri. Lisiposawazishwa, penye bonde miche michanga inazama na penye mwinuko magugu yanaifunika. Na hata ukifanikiwa, maji uliyookoa yanachukuliwa na jirani kufungua shamba jipya, mto haupati hata tone. Kwa hiyo kiasi cha kwenye kibali kipunguzwe msimu uleule shadidi inapoanza, bamba la kupimia lifungwe mferejini mita chache baada ya lango, na namba isomwe na watu wa skimu ya umwagiliaji ya juu na ya chini wakiwa pamoja.